Mpangaji wa Bibi Mwantumu

Siku Bibi alipofungua chupa ya asali bila kumwita mtu, nilijua kwamba nilikuwa nimefanya kosa kubwa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, mkoba wa kazini bado uko begani. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, chupa ameibana kati ya magoti. Akakishika kifuniko, akakizungusha mara moja, kikaachia. Akachovya kidole, akakilamba, ndipo aliponiona.

"Unashangaa nini, mke mwenzangu? Hujawahi kuona mtu akila asali?"

Asali nilishaona. Vidole vyake vikinyooka, hapana. Tangu nikiwa darasa la pili, mikono ya Bibi ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililopita motoni. Asubuhi nilimfunga vifungo vya gauni. Nikiwa chuoni, jirani alikuja kumkatia mboga. Daktari wa wilaya alitueleza kwamba askari wa mwili wake wamechanganyikiwa, wanaviona viungo vyake mwenyewe kama adui na kuvishambulia mchana na usiku. Dawa za kuwazuia zilimtapisha, akaziacha.

"Imeanza lini kufunguka?" nikauliza.

Bibi akaigeuza mikono yake, kwanza migongo, halafu viganja, kama mtu anayekagua maembe sokoni. "Tangu mvua za vuli. Sikusema, nikakuacha uendelee kunifunga vifungo. Niliogopa nikiitaja itarudi ilivyokuwa."

Kando yake palikuwa na fungu la ukindu uliochanwa, na ukili aliokwisha kuusuka umeviringishwa, mnene kama gurudumu la baiskeli. Bibi alikuwa msukaji wa mikeka kabla sijazaliwa. Mimi sikumbuki kumwona akisuka hata upapi mmoja wa ukili.

"Huu ni mkeka wa nini?"

"Wa kumzikia Kobelo," akasema kwa furaha. "Nimemwahidi utakuwa mzuri kuliko yeye."

Nikakaa pale pale kizingitini. Vuli ilianza wiki sita baada ya matanga ya Mjomba Athumani. Na kwenye matanga yale Mzee Kobelo aliiba kopo langu.

*

Mzee Kobelo ni mtani wetu. Koo zetu mbili zimezikana na kutukanana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Msiba ukitokea kwetu, wao ndio wanaochimba kaburi, na ndio wanaoingia jikoni bila hodi kuchukua wanachotaka, kuku, sufuria, hata kanga ya mfiwa, mpaka vikombolewe kwa maneno matamu. Anayekasirika ameshindwa. Ndivyo huzuni inavyopunguzwa kwetu, kidogo kidogo, kwa kuibiwa.

Siku ile nilitoka porini moja kwa moja. Gari la kituo chetu cha utafiti lilinishusha njia panda, nikapanda kilima mbio ili nimuwahi Mjomba kabla hajatolewa ndani. Mkononi nilikuwa na kopo la chambo. Sheria ya kituo inasema chambo hakishuki kwenye gari. Mimi nilishuka nalo kwa sababu nilikuwa nalia na sikuangalia nimeshika nini. Nikalisukuma chini ya meza ya jikoni.

Baada ya mazishi, nikiwa napitisha vikombe vya chai, nikasikia sauti ya Mzee Kobelo ikitoka jikoni.

"Jamani! Hawa watu wana roho mbaya mpaka kwenye msiba! Wameficha kashata!"

Akatoka na kopo limeinuliwa juu kama kombe la mpira. Chambo chetu kilikuwa vitonge vya karanga za kusaga na pumba, vimekaangwa kidogo ili vinukie. Kwa macho ilikuwa kashata kweli. Akaanza kugawa. Watu waliokuwa hawajatabasamu tangu alfajiri wakaanza kucheka, na Bibi, aliyemzika mwanawe saa moja iliyopita, akacheka mpaka machozi yakabadilika maana. Mzee Kobelo akapiga goti mbele yake, akamtilia kitonge kimoja mdomoni kwa mkono wake, kwa kuwa mikono ya Bibi haikuweza kushika.

"Babu," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ndivyo ilivyo, hata shuleni mwalimu alinihesabu mtoro nikiwa nimekaa dawatini. Nilitakiwa kuita mara ya pili. Nikatazama wazee wote wale, nikamtazama Bibi anavyocheka, nikaendelea kugawa vikombe.

Kopo lilikuwa na vitonge arobaini. Nililikuta baadaye limebaki na sita.

Nilijituliza kwa elimu. Nilijiambia, mayai ya minyoo yaliyomo hayawezi kuanguliwa tumboni mwa mtu. Ndivyo yalivyoumbwa.

*

Asubuhi iliyofuata siku ile ya asali, tulikuwa kwenye mstari wa mitego, mimi na Dokta Kokugonza. Umande ulikuwa umejaa kwenye mabua ya mahindi. Mitego yetu ni visanduku vya bati, kila kimoja hatua kumi kutoka mwenzake, na Dokta hupenda kuifungua mwenyewe ingawa ndiye mkuu wa kituo. Ni mama mrefu wa Kihaya, na hufikiri hatumsikii anapowabembeleza panya kwa lugha ya kwao.

"Namba ishirini na tatu, imefunga," akasema. Akammimina panya ndani ya mfuko wa kitambaa, akampima, akamshika ngozi ya shingo kwa upole. Alikuwa panya shamba jike, wa kijivu, tumbo jeupe lenye safu mbili ndefu za chuchu. "Mwone mama wa watu. Tausi, mulika."

Nikamulika kinyesi kilichobaki mtegoni kwa tochi ya mwanga wa urujuani. Chembe ndogo ndogo zikawaka kijani.

"Mpangaji yupo nyumbani," akasema Dokta, nami nikaandika.

Mpangaji ndilo jina tulilompa mnyoo. Hatukumuumba, tulimkuta humo humo, kwenye utumbo wa panya wa milima hii, mwembamba kama uzi wa buibui, akiishi mwanzoni mwa utumbo mpana bila kumsumbua mwenye nyumba. Ujanja wake ni kutuliza. Hutoa majimaji yanayowaambia askari wa mwili wakae chini, hapa hakuna vita. Maabara ikamwongezea kazi ya pili, kutengeneza chanjo, tone kwa tone, siku zote za maisha yake, na ikayatia mayai yake mng'ao wa kijani ili tumtambue. Nani angeweza kukimbizana na kila panya wa Uluguru na sindano? Mnyoo anaweza. Panya mmoja akila chambo, baada ya miezi miwili shimo zima lina wapangaji.

Na homa ya mavuno ikakosa pa kujificha. Homa ile ilikuwa inasubiri mahindi yaingie ndani, panya wayafuate, na vumbi la mkojo wao lipande puani mwa wanaopukuchua. Mama yangu alikufa nayo nikiwa na miaka sita, kati ya magunia mawili, siku ya nne. Sasa tulikuwa tumevuna mara nne bila kuchimba kaburi la homa hiyo. Kwa hiyo ninaposema nawapenda minyoo wale, naomba nisichekwe.

Tulirudi kwenye hema kutengeneza chambo. Nikapima mayai, nikayamimina beseni. Dokta akanisogezea kichupa cha rangi ya majani makavu.

"Nyongo," akasema. "Robo saa, usizidishe."

Mkono wangu ukasimama hewani.

Yai la mpangaji lina ganda kama kufuli, na ufunguo wake ni nyongo ya panya. Mtu hana nyongo hiyo, kwa hiyo yai likiingia tumboni mwake hupita lilivyo na kutoka. Jambo hilo tuliliandika kwenye kila ripoti, na mimi ndilo nililolishika miezi minane kama tasbihi. Lakini mwaka wa pili wa mradi tuligundua kwamba nusu ya mayai hupita hata tumboni mwa panya kabla hayajafunguka. Tukaanza kuyalowesha nyongo kwanza, yaamke, ndipo tuyachanganye na karanga. Kufuli tulilolisifia tulikuwa tunalifungua wenyewe, kila asubuhi, na aliyekuwa anamimina ni mimi.

"Tausi? Una nini?"

"Sina kitu, Dokta."

Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anayeamini. Nikamimina.

*

Kumwomba Bibi choo chake kulinichukua siku nzima na vikombe vitatu vya chai.

"Rudia," akasema.

"Kidogo tu, Bibi. Kwenye hiki kikopo."

"Nilimuuza ng'ombe wa marehemu babu yako ili usome chuo kikuu. Ukasoma miaka minne. Sasa umerudi na shahada yako kuniomba mavi." Alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika. "Haya lete, mke mwenzangu. Sijawahi kukunyima kitu."

Nilichanganya na maji ya chumvi nyingi, kwa kuwa mayai huelea na uchafu huzama. Nikaweka kioo chembamba juu, nikasubiri, nikakihamishia kwenye darubini ndogo ya safarini niliyoiazima kituoni. Nikamulika tochi ya urujuani.

Yaliwaka kijani. Yalikuwa mazuri, hilo nalo nitalisema. Kama madirisha ya nyumba za ng'ambo ya bonde, jioni, watu wakiwa wamerudi.

Nikaifunga darubini, nikajipa matumaini. Mayai yanayotoka kwa mtu hayajaguswa na nyongo, kwa hiyo hayawezi kumwingia mwingine. Bibi alikuwa haumwi chochote. Kinyume chake, mpangaji alikuwa amewaambia askari wake waliopagawa wakae chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba walikuwa wametii. Sheria ilisema mtu yeyote atakayekutwa na mpangaji apewe kidonge cha kumtoa na jina lake liandikwe. Lakini kwa nini nimpokonye Bibi mikono yake? Nani angeumia nikinyamaza?

Jibu lilikuja lenyewe siku ya pili, likikohoa tangu kwenye mgomba wa kwanza.

"Hodi humu kwa wachawi!"

"Karibu, mwizi wangu," Bibi akajibu bila kuinua macho kwenye ukili. "Umekuja kupimwa mkeka?"

"Shikamoo, Babu," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie bibi yako mkeka uwe mrefu. Mimi ni mwanamume mrefu."

"Ulikuwa mrefu," Bibi akasema. "Jitazame. Sasa hivi nikikukunja unaingia kwenye kapu."

Walicheka wote wawili, halafu kicheko chake Mzee Kobelo kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Akakaa kwenye mkeka wa zamani akishika mbavu. Shati lake lilikuwa lile lile la matangani, ila sasa kola ilimzunguka shingo bila kumgusa. Alipotoa kitambaa mdomoni alikikunja upesi, lakini nilishaona doa.

"Tangu lini, Babu?"

"Aa, kifua tu. Ujanani nililazwa miezi sita kwa kifua kikuu, kule machimboni. Kilipona. Sasa naona kimenikumbuka."

Kifua kikuu hakifi chote siku zote. Mara nyingine hulala, na askari wa mwili hukilinda kikiwa usingizini, mwaka hadi mwaka, bila mwenyewe kujua kwamba ana mfungwa. Mzee Kobelo alimlinda mfungwa wake miaka arobaini. Halafu alikula kashata za panya, na askari wake wakaambiwa wakae chini.

Alipoaga, nilimsindikiza mpaka kwenye mgomba. Alikuwa mwepesi begani kwangu kama fungu la ukindu.

*

Nilimweleza Bibi jioni ile ile, kabla jua halijashuka nyuma ya mlima. Nilimweleza kuanzia gari lililonishusha njia panda. Nilizungumza nikitazama vidole vyangu, na vidole vyake navyo havikuacha kusuka mpaka nilipofika kwenye yale mayai ya kijani.

"Kwa hiyo nina minyoo," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ya panya."

"Ndiyo."

"Na ndiyo iliyonipa mikono."

Niliitikia kwa kichwa. Kuku walipita, wakatafuta cha kudonoa, wakaondoka.

"Hukusema," akasema mwishoni. "Siku ile ulikuwepo, ukaniona nafungua mdomo, hukusema."

"Niliita mara moja."

"Tausi." Hakuniita mke mwenzangu. "Mara moja ndiyo nini?"

Nikamwambia nililokuwa nimelipanga njiani. Nilikuwa na vidonge kituoni. Ningeweza kumpa Mzee Kobelo kimya kimya, nimwambie ni vya kifua, kisha nimpeleke hospitali aanze dawa. Jina la Bibi lisingeandikwa popote. Angebaki na mpangaji wake, mimi ningempima kila mwezi, na mikono ingebaki ilivyo.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Nakiri kwamba macho yake yaliwaka. Aliitazama mikono ile kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana na kuzoeleka, na sasa amesimama na mzigo wake.

"Vitonge vilikuwa vingapi?"

"Viliisha thelathini na vinne."

"Na walikula nani?"

"Sijui wote. Ulikuwa msiba, Bibi, watu walikuwa wengi."

"Wenye kifua humu kijijini unawajua wote? Wenye ule ugonjwa mwingine wa damu? Wenye mimba?"

"Hapana."

"Basi utawaitaje kimya kimya?"

Akauchukua ukili, akasuka. Nilidhani amemaliza, nikainuka kuwasha moto. Nilipika, tukala, akasuka. Alisuka kwa kasi ambayo sikujua mwanadamu anayo. Alipouweka chini ilikuwa kama mtu anayefunga kitabu.

"Kobelo alinilisha kwa mkono wake," akasema. "Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunilisha mbele za watu nikakosa kuona aibu. Sasa nikae hapa nimesuka mkeka mzuri, nimzike kwa sababu ya uzuri wa mikono? Kesho nenda ukaseme. Na useme mara ya pili, na ya tatu."

*

Dokta Kokugonza alinisikiliza akiwa ameshika mtego mtupu. Nilipomaliza, nilitamani anipigie kelele.

"Miezi minane, Tausi."

"Ndiyo, Dokta."

"Ningekusikia siku ya kwanza, tungewapa vidonge siku ya pili. Hata yai moja lisingepata nafasi." Akauweka mtego chini taratibu. "Na wazo la nyongo lilikuwa langu. Sikufikiria mtu anayeweza kuiba chambo cha panya."

"Hakuiba, Dokta. Alitania."

"Kwetu hilo halipo," akasema, na kidogo tu akatabasamu. "Ripoti tutaiandika wote wawili. Chambo hutagusa tena. Utaosha mitego mpaka nitakaposema basi. Na mkutano utauongea wewe, wanakufahamu."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ghala la mahindi. Mwenyekiti wa kitongoji alinipa kipaza sauti, na nilipokishika kililia kama mbuzi, watu wakacheka. Nikamtafuta Bibi. Alikuwa mbele, ameketi kwenye kigoda alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani, kwa mikono yake miwili, ili watu wote wamwone.

Nikasema. Kopo lilikuwa langu. Nikataja kilichokuwa ndani yake. Niliona linagawiwa, nikanyamaza. Nikaeleza askari wa mwili ni nini, na kwa nini anayekohoa, mwenye mimba, au anayetumia dawa za kudumu aje kwanza. Sauti ilinikatikia katikati. Nikarudia tangu mwanzo.

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Kwa hiyo mlitulisha chakula cha panya?"

"Nani kakulisheni?" Mzee Kobelo alikuwa amesimama, ameegemea fimbo. "Niliiba mimi! Mtoto wa watu alificha chini ya meza, mimi nikainama nikaiba. Ndiyo maana tangu siku ile nikiona ghala nasikia mkia unaota!"

Kicheko kilianzia upande wa ukoo wake, kikavuka uwanja. Akakohoa, akainua mkono kwamba hajamaliza. "Mwenye kuona aibu asione. Aliyekula kwa mkono wangu aje apange mstari nyuma yangu. Sitaki kuhara peke yangu."

Walijipanga thelathini na mmoja. Wawili walikuwa wamehamia mjini, tukawapigia simu. Wa thelathini na nne alikuwa binti mjamzito; baba yake alimchukulia kidonge mkononi mwa Dokta na kunipita kama mlingoti. Hakunisalimia kwa miezi miwili. Nilikuwa nimestahili hivyo, na mtoto alipozaliwa salama nililia mtoni nikiosha mitego.

Bibi alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Dokta alimtoa damu kwanza, vichupa vitatu, akamwomba ruhusa ya kuvipeleka maabara.

"Mama, mwili wako umetufundisha jambo. Huenda siku moja tukapata dawa kutoka kwa huyu mnyoo, bila mnyoo mwenyewe."

"Fanyeni haraka," Bibi akasema. "Mimi si mti." Akakimeza kidonge kwa maji ya kata, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono ulionyooka.

*

Mpangaji alitoka siku ya tatu. Askari hawakuamka siku hiyo hiyo. Dokta alikadiria wiki tatu, labda nne, kabla viungo havijaanza kuvimba tena.

"Nne," Bibi akasema. "Kaa hapa. Leta ukindu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusuka, nikiwa na miaka ishirini na minne, kwa mikono inayoondoka. Kila jioni nilitoka kuosha mitego nikakaa kati ya magoti yake kama mtoto anayesukwa nywele, naye akaniwekea mikono yake juu ya yangu. Chini ya moja, juu ya mbili. Usiuvute, unaulazimisha wa nini? Ulowanishe, ukindu ukikauka unakuwa mkaidi kama Kobelo. Wiki ya kwanza alikuwa akifumua nilichosuka na kusuka upya. Wiki ya pili alifumua nusu. Wiki ya tatu nilihisi vidole vyake vina joto juu ya vyangu, joto lile la zamani, wala hatukulitaja.

Wiki ya nne alianza kuniambia kwa mdomo.

Ukili ulikuwa umefika urefu wake wiki ya tatu, tukaanza kuushona, upapi kwa upapi. Mishono ya mwanzo ni yake, imenyooka kama mstari wa mitego. Ya mwisho ni yangu.

Mzee Kobelo alikuja siku niliyokata uzi. Alikuwa mwezi wa pili wa dawa za kifua, mashavu yameanza kurudi, na kikohozi kimebaki cha kuombea chai. Bibi akaniagiza nimtandikie mkeka uani. Akauzunguka akiwa ameweka mikono nyuma, kama mnunuzi. Akainama pembeni, pale upande wangu ulipoanza kwenda kombo.

"Huu nini?"

"Mkeka wako," Bibi akasema. "Lala tukupime."

"Umepinda."

"Haujapinda."

"Mwantumu, nina macho. Huku umenyooka, huku umepinda kama barabara ya mlimani. Niingie kaburini kwa mkeka uliopinda, malaika wanichekee? Haiwezekani." Akanigeukia kwa ukali wote wa mtani, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nitasubiri wa pili."

"Basi utasubiri sana," Bibi akamwambia. "Fundi ndiyo kwanza anajifunza."

Akacheka mzee wetu, akakaa juu ya mkeka wake, katikati, akanyoosha miguu. Nikamletea chai. Bibi aliivuta chupa ya asali, akaibana kati ya magoti, akakishika kifuniko. Nilimwona akijaribu. Alijaribu mara moja, na ya pili, bila haraka, kisha akaninyooshea chupa mbele ya mgeni wetu, bila aibu yoyote.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Fungua."